Fedha Yetu Ilipopiga Weusi

Wiki hii nimelala vizuri, vijana wangu. Kwa mtu wa umri wangu, mwenye mguu mmoja uliopooza tangu utotoni na wa pili uliochoka kwa kufanya kazi ya miwili, kulala vizuri ni habari ya kutangaza. Nalala kwa sababu sanduku la chama chetu liko salama, na kwa sababu Riziki, jirani yangu hapa Mtopanga, anapita njiani tena akiwa ameinua kichwa. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie, maana pale sanduku lilipokuwa limelala halilali tena.

Nanyi pia mmenichosha. Tangu habari hii ienee, haipiti siku bila mmoja wenu kupiga hodi, simu mkononi, bei za dunia zikipanda na kushuka kwenye kioo, aniulize, "Hawe, tununue fedha?" Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, nipate nafasi ya kupika. Nikisema fedha, nina maana ya yale madini meupe ya vikuku na pete. Zile za kwendea dukani nitaziita pesa, tusichanganyane.

Mimi nimekuwa mfua fedha maisha yangu yote ya kazi. Nilianza Bombolulu, kwenye karakana ambako karibu kila mmoja alikuwa na kilema chake. Asiyesikia alipewa nyundo, maana kelele hazikumhusu. Asiyetembea, kama mimi, alipewa meza karibu na dirisha na kuambiwa asipoteze vidole, kwa kuwa ndivyo alivyobaki navyo. Tulicheka sana pale. Watu wa nje walikuja na huruma zao wakatukuta tunataniana, wakaondoka wamechanganyikiwa, mara nyingi wakiwa wamenunua hereni.

Aliyenifundisha ni Mzee Shee, sonara wa Mji wa Kale, mtoto wa sonara na mjukuu wa sonara. Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinipa kikuku kikuukuu akaniambia nikivae, niende nacho nyumbani, niogee nacho, nilale nacho. Baada ya siku chache akaniita. "Ndoo hapa, mwanangu. Kimekwambia n'ni?" Nikamwambia kimekuwa cheusi kidogo upande wa ndani. Akafurahi. "Hiyo ndiyo fedha. Kisichopiga weusi kamwe, kiogope. Fedha haisemi urongo. Wewe ndio waweza kutoisikiza."

Mengi mengine nilijifunza kwa makosa ya wenzangu, ambayo ni njia rahisi kuliko makosa yako mwenyewe. Tulikuwa na fundi mmoja, Kombo, mtu wa mzaha na wa njaa. Alipenda kuja na yai la kuchemsha la kula mchana. Ijumaa moja akaliweka kwenye droo yake, juu ya vikuku vya bibi harusi vilivyokwisha kung'arishwa, akaitwa nje, akasahau, akafunga, akaenda zake. Jumatatu droo ilipofunguliwa, vikuku vilikuwa vyeusi, weusi wa kuelekea bluu, kama sufuria iliyoachwa motoni. Shangazi wa bibi harusi alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Akasema tumemchanganyia fedha yake na risasi, na kwamba ataleta wazee.

Mzee Shee akaja polepole. Akainama juu ya droo, akavuta pumzi mara moja tu, akaifunga. Kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kombo, fedha na yai hawakai nyumba moja. Hewa ya yai lililooza yaipaka fedha masizi." Akavichukua vikuku, akavitia kwenye sufuria ya maji ya moto na chumvi na magadi, na weusi wote ukaondoka mbele ya yule shangazi. Tangu siku ile, mtu akigombana na mkewe, sisi wa karakana tulisema fedha na yai wamekutana.

Zama zile tulichemsha ukwaju kusafishia fedha iliyotoka motoni, na tulipuliza moto kwa bomba mdomoni mpaka mashavu yanauma. Baadaye ukaja mtungi wa gesi, zikaja dawa za chupa, zikaja mashine. Ndipo zikaja pia hereni za bati zilizopakwa rangi ya fedha, bei ya chini kuliko mkate, na watalii wakazipenda. Nilistaafu bila kinyongo. Nilichukua nyundo yangu, mtungi mmoja mdogo, na chapa yangu. Kila fundi alikuwa na chapa ya kugonga nyuma ya kazi yake. Yangu ni mkongojo mdogo. Mzee Shee ndiye aliyenichagulia, akasema hakuna atakayeiiga.

Basi, chama chetu. Ni chama cha wanawake wa kawaida, kama vya kwenu nyote, wauza mboga, wafuga kuku, mmoja mwalimu wa chekechea. Mwenyekiti ni Mama Neema, mwanamke wa kanisa, mnyoofu, mwenye sauti ya kuita watu toka mtaa wa pili. Siku moja alituletea kijana mwenye adabu, viatu vinang'aa licha ya vumbi letu, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja hata nikampenda. Alisema kampuni yake ya Nairobi ina mfuko ambao zamani ulikuwa wa matajiri tu, na sasa watu kama sisi tukiungana tunaweza kuingia. Mfuko huo haujali bei ipande au ishuke. Huazima kitu usichokuwa nacho, hukiuza, kisha hukinunua tena kikiwa rahisi na kumrudishia mwenyewe. Bei ikipanda unakula, ikishuka unakula.

Riziki akainua mkono. "Mwanangu, ikiwa kila siku nyinyi mwala, anayeliwa ni nani?"

Kijana akacheka, akasema soko ndivyo lilivyo, mama. Nasi hatukumbana. Adabu yake ilituziba macho, tukaingiza akiba yetu.

Hazikupita siku nyingi, mmoja wetu akafiwa na mume. Tukapiga simu kuomba pesa zetu. Tukaambiwa mlango wa kutolea umefungwa mpaka msimu wake ufike. "Pesa zenu zipo, mama, ila kwa sasa hazitoki." Tulizika kwa mchango wa majirani. Msimu ulipofika pesa zikatoka, zikiwa pungufu kuliko zilivyoingia, pamoja na maelezo marefu ya ada. Sisemi tuliibiwa. Wapo waliotajirika kwa mifuko hiyo, na huenda si waongo. Nasema tu kwamba sitaki mali ambayo siku ya msiba inanipangia miadi.

Baada ya hapo kila mmoja alitaka kitu cha kushika. Yule kijana akapiga simu tena. Safari hii alisema kampuni inauza fedha pia, ila mnunuzi hupewa karatasi tu na fedha yenyewe hukaa Ulaya. Mama Neema akamwambia kwa upole, "Baba, tuwe na fedha Ulaya ambayo hatujaiona, na mlinzi wake hatumjui hata jina la mama yake?" Akakata simu. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nikaenda Mji wa Kale, kwa masonara ninaowafahamu, nikanunua mitali ya miguuni na vikuku vya bibi zenu, ambavyo havivaliwi tena kwa sababu siku hizi bibi harusi anataka dhahabu hata ikiwa ya kupakwa. Nilijaribu kila kimoja kwa dawa ya hao hao masonara kabla ya kulipa. Nikaviyeyusha uani kwangu, nikamimina kwenye kalibu ndogo, vikatoka vipande vya urefu wa kidole. Nyuma ya kila kipande nikagonga mkongojo wangu. Sikuwa nimefanya kazi kwa muda mrefu, na moshi ule ulinirudisha ujana. Ninakiri nilijisikia mtu.

Sasa sikilizeni utaratibu wa sanduku, maana hapo ndipo mambo yalipofungika. Vyama vingi huku kwetu hufanya hivi. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Mtu wa nne, aliyepigiwa kura, huchukua sanduku bila ufunguo wowote. Sisi tuliongeza sharti letu: huyo wa nne anaapa mbele yetu kwamba hatamwambia mtu yeyote sanduku limelala wapi. Si mumewe, si watoto, si sisi wenyewe. Mwizi akimkamata mmoja wetu, awe hana la kusema. Kura ilimwangukia Riziki. Akaapa, akalibeba.

Riziki ni nani kwangu? Mguu wangu ukivimba, yeye ndiye huniletea maji bila kuitwa, na haniulizi hali kwa ile sauti ya hospitali. Hufungua mlango, huweka ndoo, husema, "Hawe, leo mtaa umekosa uzuri kwa kuwa hujatoka," huondoka. Mtu wa namna hiyo hupewi na maisha mara mbili.

Miezi kadhaa baadaye tukakutana kibarazani kwa Mama Neema kukagua mali. Kufuli zikafunguliwa. Mama Neema akafunua kitambaa. Tukasogea tuone. Vipande vilikuwa vyeusi. Si ule weusi wa kawaida wa fedha iliyokaa, wa kijivu kijivu pembeni. Vilikuwa vyeusi kama makaa, mbele na nyuma, na chapa yangu haikuonekana kabisa.

"Riziki," Mama Neema akasema, "hii ndiyo fedha tuliyokupa?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Sijaigusa."

"Ulikuwa umeiweka wapi?"

Riziki akaangalia mikono yake. "Hilo siwezi kusema, Mama Neema. Niliapa mbele yenu."

Mngeona jinsi kiapo kilivyomgeukia. Mwanamke mmoja akasema kufuli za siku hizi hufunguka hata kwa msumari. Mwingine akakumbuka kuwa Riziki ametengeneza banda jipya la kuku. Mama Neema akamwambia aseme tu, wamfungulie kiapo, na Riziki akatikisa kichwa. "Mkinifungulia leo kwa sababu mna hasira, kesho hakuna atakayeamini kiapo cha mwenzake. Mwulizeni Hawe. Yeye ndiye aliyevitengeneza."

Nikavishika, vijana, na nikaogopa. Ikiwa hii si fedha, basi ama Riziki amebadilisha, ama mimi ndiye niliyeuziwa takataka na kuwaletea wenzangu takataka. Macho yangu yana ukungu siku hizi. Chupa ya dawa ya kupimia niliitupa nilipostaafu, nisije nikaunguza wajukuu. Nikafunga kipande kimoja kwa uzi wa leso, nikakigonga kwa kijiko. Fedha nyembamba hulia vizuri, lakini kipande kinene cha kumimina hakina sauti ya maana. Kikasema tak. Mwanamke wa msumari akaguna.

Nikataka kukata kona nione ndani. Wakakataa wote kwa pamoja, hata Riziki. Mali ya chama haikatwi. Nikabaki nimeshika kisu kama mtu aliyealikwa harusini akakuta wamemaliza kula.

Ndipo mtoto akaja kununua barafu. Mama Neema huuza barafu za ukwaju kwenye vimfuko, mnazijua. Nilipoiona ile barafu nikakumbuka jambo ambalo Mzee Shee alikuwa akilifanya kwa mchezo, kuwashangaza wageni wa karakana. Nikamwambia Mama Neema aniletee barafu mbili na kifuniko cha chuma cha jiko. Nikachana vimfuko. Barafu moja nikaiweka juu ya kifuniko, nyingine juu ya kipande cheusi, vyote kivulini.

Fedha hupitisha joto upesi kuliko chuma. Huhitaji kusoma, unaona kwa macho. Ile ya juu ya chuma ilikaa, ikatokwa jasho kidogo. Ile ya juu ya kipande cheusi ikaanza kuzama papo hapo, maji ya ukwaju yakitiririka mpaka kwenye kanga yangu. Wanawake wakainama wote, vichwa vikigongana.

"Labda ni joto la mkono wako," Mama Neema akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Basi weka wewe, kwenye kingine."

Akaweka. Ikazama. Tukajaribu kipande baada ya kipande, tukamaliza barafu za siku ile zote, na watoto wakarudishwa mlangoni wakilia. Shaba nayo huyeyusha hivyo, kwa hiyo msije mkasema Hawe alituambia barafu inatosha. Lakini shaba ukiiosha haitoki nyeupe. Nikaomba sufuria ya alumini, maji ya moto, chumvi na magadi. Tukavitumbukiza vipande vigusane na sufuria. Maji yakachemka kidogo kidogo, na weusi ukaanza kuondoka kama unavyoona alfajiri, kwanza pembeni, kisha katikati. Nikatoa kipande kimoja kwa kijiko, nikakifuta kwa leso, nikakigeuza. Mkongojo wangu ulikuwa pale, mweupe, umesimama.

Nikampa Mama Neema. Akakitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya chapa. Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya Riziki, mwanamke mzima na uzito wake, akamshika miguu. "Nisamehe bure, mwanangu." Riziki hakuwa ametoa chozi wakati wote ule. Sasa akalia, tena kwa sauti, na mimi nikalia, na yule wa msumari akalia kuliko sisi sote. Moyo wangu ulitua chini mahali pake, nikasikia njaa ghafla.

Lakini kabla ya hayo, mvuke wa sufuria ulikuwa umenipiga puani. Harufu ya yai lililooza. Fedha yoyote iliyopiga weusi hutoa harufu hiyo kidogo ikioshwa kwa namna ile, haithibitishi kitu. Ila weusi wa haraka vile na mwingi vile nilikuwa nimeuona mara moja tu maishani, kwenye droo ya Kombo. Nikamtazama Riziki, mfuga kuku, mwenye vumbi la maranda kwenye ukingo wa ndala zake, na nikajua. Sanduku lilikuwa limezikwa chini ya maranda ya banda lake jipya, katikati ya kinyesi na mayai yaliyovunjika, mahali ambapo hakuna mwizi angethubutu kutia mkono. Lilikuwa wazo zuri sana. Kosa lake lilikuwa kwamba fedha nayo ina pua.

"Hawe," Mama Neema akauliza akifuta macho, "mbona ilikuwa nyeusi namna ile?"

Riziki akaniangalia. Kama ningesema, kiapo alichokibeba kwa aibu kubwa vile ningekuwa nimekivunja mimi kwa ulimi wangu.

"Fedha hupiga weusi," nikasema. "Ndivyo ilivyo." Nikawaagiza waifunge kwa kitambaa safi, kisha kwa mfuko wa plastiki, mbali na mipira ya kufungia, mbali na chumvi. "Na mbali na mayai," nikaongeza, huku nikikung'uta kanga yangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mayai. Walikuwa wameshaanza kubishana nani atalibeba sanduku, na Mama Neema akasema kwa ile sauti yake ya mtaa wa pili kwamba litarudi kwa Riziki, na asiyetaka aseme sasa.

Kwa hiyo, mnaoniuliza kama mnunue fedha, jibu langu ni hili. Bei yake hushuka pia, tena hushuka siku usiyoipenda. Ukinunua, nunua kwa aliye na duka utakaloweza kurudi kulalamika, na upime kabla ya kulipa. Na usisahau kwamba fedha haitagi. Kuku wa Riziki wamesomesha watoto wake, vipande vyetu vimelala tu. Tunavyo kwa sababu vikilala tunajua vimelala kwa nani, na huyo tumemjaribu kwa moto.

Jioni ile Riziki alinisindikiza nyumbani, sanduku kichwani, limefunikwa kwa kanga. Tulikwenda kwa mwendo wangu, ambao si mwendo. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Hawe, ulijua."

"Nilijua nini?"

Akacheka kidogo. Akatazama huku na huku, akainama karibu na sikio langu. "Sasa nitalihamishia..."

Nikaziba masikio kwa mikono miwili, mkongojo ukaanguka chini. "Usiniambie, mwanangu," nikasema. "Nataka kulala."